Mara ya Thelathini Kuzunguka Skarrow

"Bi Thora, mtu akikimbia akazunguka, akarudi palepale alipoanzia, anakuwa amekwenda wapi?"

Nilikuwa na miaka saba, sahani mkononi, nimesimama kwenye foleni ya chakula cha mchana katika shule yetu ya Keldrigg. Bi Thora Capstick ndiye mpishi wa pale. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona akiingia jikoni na tope hadi magotini, ametoka kuzunguka mlima wakati sisi wengine tunatafuta soksi. Alinitazama, akaitazama foleni nyuma yangu, kisha akaniongezea kijiko kizima cha karoti.

"Kula karoti zako, Bryony."

Basi nikala. Lakini swali halikuondoka. Kumkimbia mbwa nilikuelewa. Kulikimbilia basi nilikuelewa. Ila kutoka jasho, kutumbukia topeni, kupanda mawe kwa mikono na miguu kama mbuzi, halafu mwisho wake unasimama palepale uliposimama asubuhi? Niliona kama kuna siri wakubwa wananificha.

Mbio zenyewe tunaziita Mzunguko wa Skarrow, kwa jina la mlima wetu. Zinafanyika Jumamosi ya kwanza ya Juni, kabla kondoo hawajanyolewa. Mnaanzia kiwanjani nyuma ya kanisa, mnaingia msitu wa mialoni, mnatokea kwenye nyika ya tope jeusi, mnapanda majabali hadi kileleni na kuligusa rundo la mawe. Kisha mnateremka upande wa pili, mnapita tena msituni, mnavuka daraja la mbao na kurudi kiwanjani. Hakuna vibao njiani. Unajua vituo tu. Baina ya kituo na kituo ujijue na dira yako.

Bi Thora alikuwa ameuzunguka mara ishirini na tisa. Hakuwahi kushinda hata mara moja. Mwaka aliofanya vizuri kuliko yote alikuwa wa tisa, na bado anasema yule wa nane alipita uani kwa watu. Lakini ndani ya ukumbi wa kijiji, juu ya dirisha la kutolea chai, kuna ubao wa majina ya waliomaliza mara thelathini. Ni majina matano, yameandikwa kwa rangi nyeupe, na yote ni ya wanaume. Bi Thora alitaka la sita liwe lake. Hakulificha jambo hilo. Aliwahi hata kupanda kiti kupima kwa vidole kama herufi za "Thora Capstick" zitaenea.

Sasa hapa ndipo anapoingia mumewe. Mzee Clem ni fundi wa kujenga kuta za mawe, na ni mtu wa kanuni. Ukuta wake hauingii hata ukucha. Yeye hakimbii. Kazi yake siku ya mbio ni kukaa kileleni na saa ya kupimia, kibendera chekundu na karatasi ya majina. Hupanda kwa njia fupi, ile tunayoiita njia ya mbwa kwa sababu watu hutembezea mbwa wao huko, na kuteremka kwa njia hiyohiyo. Miaka thelathini na moja, juu na chini, kama ndoo ya kisima.

Mwaka jana mvua ya mawe ilipiga mlima mzima. Clem aliteremka, akafika kiwanjani, Thora hayupo. Akangoja. Saa nzima ikapita. Kikosi cha uokoaji kikaitwa, wakatoka watu kumi na wanne na mbwa wawili. Na wao wanafika darajani tu, Bi Thora huyo anakuja zake akichechemea kidogo, anawauliza nani kapotea.

Wakubwa walicheka. Clem hakucheka. Kwenye mkutano wa kamati, wakati wa baridi, alisimama mbele ya watu wote, na mkewe akiwemo, akapendekeza kuwekwe kikomo: asiyefika kileleni ndani ya saa moja na dakika ishirini anavuliwa namba na kurudishwa kwa njia ya mbwa. Kura ikapita. Mwaka uliotangulia Bi Thora alifika kileleni kwa saa moja na dakika thelathini na moja. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Kila mtu alitazama viatu vyake.

Bi Thora alingoja mpaka wakafika kwao. Huko, nasikia, alisema hivi: "Mpaka siku ya mbio, Clem, mayai yako ujikaangie mwenyewe."

Na kweli. Mwanamke anayelisha watoto thelathini na mmoja kila mchana hakumpikia mumewe hata viazi kuanzia Januari hadi Juni. Ilipofika Machi, suruali ya Clem ilikuwa inashikiliwa na kamba.

"Mzee umekonda," watu wakamwambia.

"Ndiyo," anajibu. "Ila sheria ni nzuri."

Mimi nilitimiza miaka kumi na sita mwezi wa pili, umri wa kuruhusiwa kukimbia Skarrow. Nikaenda jikoni kwa Bi Thora, anasugua masufuria, nikamwomba anifundishe njia. Akanitazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Uongo huo. Njoo saa kumi jioni."

Jamani, sijawahi kuchoka vile! Alinionyesha vijia vya kondoo vilivyo vyembamba kama mkanda, ambavyo mgeni hawezi kuviona hata akivikanyaga. Kondoo hazami topeni, aliniambia, kwa hiyo usibishane na kondoo. Alinifundisha kuangalia rangi ya majani: ya kijani kibichi mno ni mtego, yenye vishada vyeupe kama pamba ni mtego mbaya zaidi. Na kila mara tulipogusa rundo la mawe kileleni, alitazama saa yake. Aprili: saa moja na dakika ishirini na nne. Katikati ya Mei: ishirini na moja. Jumamosi ya mwisho kabla ya mbio: kumi na tisa! Nilipiga kelele mpaka kwale wakaruka. Dakika moja nzima ya akiba! Bi Thora akasema dakika moja si kitu, inaisha ukifunga kamba ya kiatu, lakini njia nzima ya kurudi nilimsikia akiimba puani.

Siku ikafika. Watu mia moja na sita, wengi wageni kutoka mjini, na saa mkononi kubwa kama visosi. Kila mmoja anakaguliwa: koti la mvua, ramani, dira, filimbi. Namba kifuani kwa pini nne. Bi Thora alikuwa namba sabini na tatu. Clem alikuwa ameshapanda tangu saa mbili.

Jos Metcalfe, mfugaji, alikuwa nyuma ya meza ya chai, maana kila mwaka yeye na dada zake ndio wanaouza chai. Ana mdomo huyo! Alipotuona akainua kikombe.

"Thora! Chai yako niimimine sasa hivi? Mwaka huu si unateremka kwa njia ya mbwa?"

"Imimine, Jos," alijibu Bi Thora. "Chai yako hata ikilala siku tatu haitofautiani."

Watu wakaangua kicheko, kengele ikalia, na tukaondoka.

Moyo wangu! Sijui niuelezeje. Miguu mia mbili na kumi na mbili inapiga nyasi kwa pamoja, unaisikia tumboni. Tukavuka ukuta kwa ngazi ya mawe, tukamezwa na msitu. Ndani kulikuwa na kiza cha kijani, mizizi inateleza, kila mtu anahema, mtu mbele anapiga kelele "Tawi!" na tawi linakuja linakuchapa hata hivyo. Bi Thora hakuwa na haraka. Hatua zake fupifupi, kama mtu anayekanda unga kwa miguu. Nilitaka kuchomoka.

"Tulia," akasema bila kugeuka. "Wote hawa tutawakuta wamekaa."

Na tuliwakuta. Tulipotoka kwenye miti na kupanda nyikani, wale waliochomoka mwanzo walikuwa wameshika magoti. Tukawapita mmoja, wawili, watano. Nikatazama saa: tulikuwa mbele ya mwendo wetu kwa dakika mbili. Dakika mbili! Yaani kileleni tungefika kwa saa moja na dakika kumi na saba. Nilimwambia, naye akasema nyamaza, lakini niliona shavu lake limepanda kwa tabasamu.

Halafu ukungu ukashuka.

Kwetu ukungu hauji polepole. Ulikuwa unaona mlima, sasa unaona vidole vyako. Wageni wakatoa ramani, wakazigeuza huku na huku, na mmoja, jamaa mwenye kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, akamwona Bi Thora anavyokata kushoto bila hata kupunguza mwendo. Akaelewa. Akakaa nyuma yake. Mwingine akakaa nyuma ya huyo. Nilipogeuka, tulikuwa na mkia wa watu kumi na wawili, kila mmoja anatazama mgongo wa aliye mbele yake, kimya kabisa. Ni kosa linalotendeka Skarrow kila mwaka wa ukungu: badala ya kuifuata dira, unaufuata mgongo wa mwenyeji. Na mwenyeji naye ana mambo yake.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo kijia kinapinda kulia kuelekea majabali. Bi Thora akasimama ghafla. Akageuza shingo. Mimi sikuona kitu. Kisha akaacha kijia, akashuka kushoto kwenye magugu yanayofika kiunoni, na mkia wote, jamaa wa machungwa mbele, ukateremka nyuma yake kama vifaranga.

"Njia ya mkato!" nilimsikia mmoja ananong'ona kwa furaha. "Nilijua wana njia ya mkato!"

Hatua arobaini chini, kulikuwa na miguu minne inatazama mbinguni.

Kondoo jike, amelala chali. Mwezi huo manyoya yao ni mazito, yakilowa mvua ni kama gunia la mchanga. Kondoo akijiviringisha kujikuna akabaki chali, hawezi kuinuka tena. Tumbo linajaa hewa, linambana mapafu, anakufa siku hiyohiyo. Na akichelewa kufa, kunguru wanaanza na macho. Wawili walikuwa tayari juu ya jiwe, wanangoja.

"Bi Thora, hapana!" nilisema. Nilikuwa karibu kulia. "Muda! Mwenyewe atakuja."

"Mwenyewe anauza chai." Alikuwa ameshapiga magoti. Kwenye bega la yule kondoo kulikuwa na doa la rangi nyekundu, alama ya Jos Metcalfe. Bi Thora alikuwa ameshaliona, akafumba macho kidogo. "Angalau angekuwa wa mtu mwingine. Shika hapa."

Jamaa wa machungwa alifika akihema, akatazama chini, akatazama ukungu pande zote.

"Mama, samahani. Hii ndiyo njia ya mkato?"

"Hapana, baba. Huyu ni kondoo. Shika mguu ule."

Na akashika! Tulimviringisha watatu, akalala ubavu, tukamwinua. Akasimama, akayumba kama mlevi, akaanguka tena chali. Tukamwinua tena. Hapo sasa ndipo kazi ilipo, kwa sababu kondoo aliyelala chali muda mrefu miguu inakufa ganzi, na ukimwachia mapema anaanguka ukishampa mgongo. Lazima umbane katikati ya magoti mpaka ajisikie. Bi Thora akambana. Saa yangu nikawa naiona inavyokula sekunde. Wale wageni kumi na mmoja wamesimama duara, wamelowa, mmoja anamwambia kondoo, "Jitahidi, dada, jitahidi."

Dakika nne na nusu. Nilizihesabu zote.

Alipomwachia, kondoo alitembea hatua sita, akajitikisa maji yote juu yetu, akaanza kula majani bila hata kutuangalia.

"Shukrani za ukoo wa Metcalfe," alisema Bi Thora, na akaanza kukimbia kupanda.

Nilipiga hesabu nikiwa mbioni. Kumi na saba na nne na nusu. Ishirini na moja na nusu. Tulipaswa kuchuma dakika moja na nusu kwenye majabali, mahali ambapo hata vijana hawachumi kitu. Wale wageni walitupita, maana sasa ilikuwa ni kupanda juu tu na hawakuhitaji mgongo wa mtu. Bi Thora alikuwa amekunja uso, mikono inasukuma mapaja, pumzi inatoka kama msumeno.

"Nenda," akaniambia.

"Siendi."

"Bryony, huwezi kunipa mapafu yako. Nenda! Unanizibia njia!"

Nikaenda. Nilipanda yale majabali kwa kucha. Nilipouweka mkono juu ya rundo la mawe, Clem aliandika namba yangu bila kuinua kichwa, koti lake refu linapigapiga kwa upepo.

"Saa moja, kumi na nane na nusu," akasema. Kisha akainua kichwa. "Yuko wapi?"

"Anakuja. Alisimama kuinua kondoo."

"Wa nani?"

"Wa Jos."

Clem akashusha pumzi ndefu. "Huyu mwanamke," akasema. "Huyu mwanamke, jamani." Kisha akaniambia niondoke, napoteza muda wangu. Sikuondoka. Jamaa wa machungwa naye alikuwepo, anatafuna kitu, naye hakuondoka.

Upepo ukaupasua ukungu, na tukamwona. Alikuwa chini ya jabali la mwisho, lile la kupanda kwa mikono, mdogo kama mende, namba sabini na tatu imening'inia kwa pini mbili. Nikapiga kelele. Jamaa wa machungwa akapiga kelele. "Kushoto, mama! Weka mguu kushoto!" kama vile yeye ndiye mzaliwa wa hapa. Clem hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye saa, yanarudi kwa mkewe, yanakwenda, yanarudi. Kumi na tisa na nusu. Mkono wa Bi Thora ukatokea ukingoni. Kisha kiwiko. Kisha kichwa, nywele zimegandamana usoni. Clem akainua kibendera, maana ndiyo sheria, dakika ya ishirini kibendera kinapanda. Kikapanda. Bi Thora alikuwa hatua kumi kutoka kwenye rundo la mawe.

Akalifikia. Akaliangukia kwa mikono miwili.

  Clem aliitazama saa muda mrefu mno kuliko inavyohitajika kusoma namba.

"Sekunde kumi na moja," nilinong'ona. Nilikuwa nimeiona yangu.

"Mzee," alisema jamaa wa machungwa taratibu, "si mkeo huyo? Sekunde kumi na moja, mzee wangu. Kwa ajili ya kondoo."

Nilimwona Clem anakipangusa kioo cha saa kwa kidole gumba. Anapangusa, anapangusa. Mtu ambaye ukuta wake hauingii ukucha.

"Maji yameingia humu," akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Sioni vizuri. Inaweza kuwa ishirini kamili."

Bi Thora alikuwa bado ameinama. Akajiinua polepole, akamtazama mumewe, na nakwambia sijawahi kuona mtu akitazamwa vile.

"Unaona vizuri sana, Clem," alisema. Kisha akafungua zile pini mbili zilizobaki, akaikunja namba yake mara moja, na kuitia kwenye mfuko wa koti la mumewe. "Iandike. Sabini na tatu, ametoka. Asije mtu akanitafuta na mbwa."

Clem akaandika. Penseli ilitoboa karatasi.

"Haya, twende," akamwambia. "Tuteremke na njia ya mbwa. Nikushike mkono."

"Unishike mkono wa nini? Mimi si mkimbiaji wako tena." Alikuwa ameanza kujifunga kamba ya koti. "Mimi ni mtu tu niko mlimani, na mlima hauna mlango. Nilitoka nyumbani kuzunguka. Naenda kumalizia."

"Thora! Kuna ukungu upande ule!"

"Najua ulipo, nilikutana nao!" Kisha akanigeukia. "Na wewe je? Una namba kifuani unashangaa nini? Kimbia!"

Nikakimbia. Nilikwenda chini upande wa pili huku machozi na kicheko vimechanganyika, visigino vinachimba, mawe yananifuata. Kwenye bega la mlima niligeuka. Bi Thora alikuwa anashuka kwa zile hatua zake fupifupi. Nyuma yake, kileleni, wale wawili wanaotembea mwisho wa mbio kukusanya waliochelewa walikuwa wamefika, na Clem alikuwa anawarundikia mikononi kibendera, saa, karatasi, chupa ya chai. Kisha, na hili wenzangu shuleni mpaka leo hawaliamini, Mzee Clem alikimbia. Na viatu vyake vizito vya kazi. Koti refu limepeperuka nyuma kama hema iliyong'olewa. Aliruka jiwe la kwanza, akateleza kwenye la pili, akainuka, akaendelea.

Kiwanjani, habari ya kondoo ilikuwa imefika kabla yangu. Wageni kumi na wawili walikuwa wanaisimulia mezani kwa Jos, kila mmoja amemshika kondoo kwa mguu wake, mpaka ukihesabu yule kondoo alikuwa na miguu isiyopungua tisa.  Jos alikuwa anaifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Alama nyekundu?" akaniuliza.

"Bega la kulia."

Akaendelea kufuta.

Tulingoja. Nusu saa. Dakika arobaini. Nilikula keki ya matunda na jibini bila kujua naiweka wapi. Watu walikuwa wameanza kukunja viti, lakini hakuna aliyeondoka, kila mtu alikuwa amepata sababu ya kusimama karibu na ukuta wa upande wa msitu. Tuliwasikia kabla ya kuwaona.

"Si nilikwambia kuna kijito?"

"Hukuniambia kina kina!"

"Miaka thelathini nakwambia habari za kile kijito, Clem!"

"Nilidhani ni maneno tu!"

Wakatokea kwenye daraja la mbao. Bi Thora mbele, Clem nyuma, amelowa hadi kifuani, magugu yamemganda kwenye ndevu, anachechemea mguu mmoja, uso mwekundu kama nyanya. Na anatabasamu! Hakuwa anaficha hata kidogo. Macho yanazunguka huku na huko kama mtoto aliyeshushwa kwenye bembea.

"Kuna msitu!" alituambia sote, kama tusiojua. "Upande ule wote ni msitu! Na mahali fulani maji yanaanguka hivi..." akaonyesha kwa mikono, akashindwa, akarudia tena.

Kengele haikulia, maana hawakuwa na namba. Katibu alikuwa ameshaandika "ametoka" mbele ya sabini na tatu, na ikabaki hivyo. Ubao wa ukumbini una majina matano mpaka ninapoandika hapa. Lakini Jos Metcalfe alitoka nyuma ya meza yake, jambo ambalo hafanyi, akamletea Bi Thora kikombe na kipande cha keki kikubwa kama tofali. Akamwekea mkononi.

"Hii chai ni mpya," akasema, akaondoka haraka.

Bi Thora akaketi kwenye ukuta. Nikaketi pembeni yake. Clem alikuwa hatua chache mbele yetu, maji yanamchuruzika, amemshika jamaa wa machungwa kwenye kifungo cha koti, anamweleza njia ambayo yule jamaa ametoka kuikimbia mwenyewe saa moja iliyopita. Bi Thora alimega keki yake katikati, akaiweka nusu kando juu ya jiwe. Nusu hiyo hakuila. Ilikuwa chakula cha kwanza alichomwekea Clem tangu Januari.

Na hapo, sijui kwa nini, mdomo wangu ukafunguka.

"Bi Thora. Mtu akizunguka akarudi palepale alipoanzia, anakuwa amekwenda wapi?"

Nilidhani atasema nile keki yangu. Akatafuna, akameza, akapangusa makombo kwenye goti. Kisha akamwelekezea Clem kidevu.

"Mimi? Nilikwenda kumchukua huyu."